Je, Wajua? Oili ya Cheni na Vumbi la Moramu

Je, wajua kwamba cheni ya pikipiki hurefuka bila chuma chake kuvutika? Mabamba yake ya pembeni hubaki na urefu uleule yaliyotoka nao kiwandani. Kinacholiwa ni pini na bushi, vyuma viwili vinavyosuguana ndani ya kila kiungo, mahali ambapo jicho halifiki. Chukua cheni ya namba 428 yenye viungo 120, ya aina inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za bodaboda. Kila kiungo kikilika kwa milimita 0.1 tu, cheni nzima imeongezeka milimita 12. Hapo ndipo inapoanza kuning'inia na kugonga kava, na mwenye pikipiki hukimbilia spana ya kukazia bila kujiuliza ni nini kimekula hizo milimita.

Kazi ya kiungo kimoja ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tairi la nyuma la rimu ya inchi 17 huzunguka karibu mara 540 katika kilomita moja. Spoketi ya nyuma ikiwa na meno 40, cheni yetu ya viungo 120 itazunguka mara 180 katika kilomita hiyohiyo. Katika kila mzunguko kiungo hujikunja kinapoingia kwenye spoketi na kunyooka kinapotoka, mbele na nyuma, yaani mara nne. Jumla ni misuguano 720 kwa kilomita. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku anakuwa amesugua kila pini mara 72,000 kabla hajaegesha. Oili ya cheni hununuliwa kwa ajili ya uwazi huo mwembamba ulio kati ya pini na bushi. Kwingine kote inakopakwa, faida yake ni ndogo.

Bushi hiyo ina mwenyewe. Leonardo da Vinci alichora cheni za mashine karne nne kabla ya pikipiki kuenea, lakini aliyetupa cheni tunayoijua ni Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, Uingereza. Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo huko Salford iliyokuwa ikitengeneza cheni za mashine za viwanda vya nguo, na mwaka 1880 akapata hataza ya cheni yenye bushi na rola. Katika cheni za kabla yake, mzigo wote ulikaa kwenye sehemu ndogo ambapo pini iligusa ukingo wa bamba, na hapo palikatika upesi. Bushi ilitandaza mzigo juu ya urefu wote wa pini, na oili ikapata pa kukaa. Pikipiki imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini cheni yake kwa ndani bado ni ile ya Renold.

Je, wajua kwamba wekundu wa barabara ya moramu ni oksidi ya chuma, kwa lugha nyepesi kutu? Sonara hutumia unga laini wa oksidi hiyohiyo kung'arisha dhahabu na fedha, kwa sababu hukwangua chuma polepole hadi kiwe kama kioo. Katika vumbi la barabarani unga huo haupo peke yake. Umechanganyika na chembe za mchanga wa kwatzi, ambao kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kilichowekwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 una daraja la 7 kati ya 10. Chuma cha kisu cha kawaida hukaa karibu na 5.5. Changanya vitu hivyo viwili na oili nyingi, nawe umejitengenezea dawa kamili ya kusagia chuma, kisha unaisokota ndani ya cheni mara 72,000 kwa siku.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki inayotembea barabara za udongo alijue kabla ya kutoa pesa dukani. Cheni inayong'aa kwa oili nje, inayodondosha matone kwenye rimu, inavutia macho kijiweni, lakini kwenye njia za vumbi za Dodoma, Turkana au Karamoja inajikusanyia msasa. Kilainishi kizuri cha barabara hizo ni kile kinachoingia ndani kikiwa chepesi na kuacha nje ya cheni pakavu. Ukishalishika hilo, maswali mengi ya dukani yanajijibu.

Kuna utafiti unaounga mkono jambo hili kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wakiongozwa na James Spicer, walipima cheni za baiskeli maabara ili kujua ni nguvu kiasi gani inapotea njiani. Cheni ilipokuwa katika hali nzuri kabisa ilifikisha asilimia 98.6 ya nguvu kwenye gurudumu. Walipobadilisha vilainishi, tofauti ya maana haikuonekana. Lakini kule maabara cheni ilikuwa safi, hakukuwa na mvua wala vumbi. Kwa hiyo anayenunua kilainishi cha bei kubwa akitumaini pikipiki itakimbia zaidi hatapata alichokifuata. Oili ipo ili cheni iishi siku nyingi na ili maji na uchafu visipate njia ya kuingia.

Sasa tuje kwenye oili chafu, kwa sababu ndiyo inayotumika sana na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ni ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, huwekwa kwenye chupa ya maji pembeni mwa gereji, na kila anayepita hujimiminia bure. Weusi wake huwafanya watu waione nzito na yenye nguvu. Weusi huo ni masizi ya mafuta yaliyoungua. Ndani yake kuna unga wa chuma uliotoka kwenye ringi na gia, unga wa klachi, asidi kidogo, na petroli iliyopenya ikaifanya iwe nyepesi kuliko ilipokuwa mpya. Kuipaka kwenye cheni ni kuiletea pini chuma kilichokwisha sagwa. Halafu haishiki: kilomita chache tu imerukia rimu, tairi na suruali ya abiria.

Upande wa afya una historia ndefu, na unaturudisha kulekule alikoanzia Renold. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, eneo la Salford na Manchester, wafanyakazi wa mashine za kusokota nyuzi walikuwa wakilowa oili ya mashine kiunoni na mapajani kila siku, mwaka hadi mwaka. Wengi walipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, ugonjwa uliojulikana waziwazi kuwa wa kazi yao, na mwaka 1953 Uingereza ikaweka kanuni maalumu kuhusu oili iliyoruhusiwa kwenye mashine hizo. Leo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, inayaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa ipasavyo katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Oili ya injini ya petroli iliyokwisha tumika imepakwa kwenye ngozi ya panya katika majaribio, na panya wakapata saratani. Fundi anayeichota kwa vidole kuanzia asubuhi hadi jioni anastahili kuambiwa hivyo, na anastahili glavu.

Je, wajua kwamba oili ya gia namba 90 si nzito kuliko oili ya injini namba 50? Namba hizo zinatoka kwenye vipimo viwili tofauti vya SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani. Kwenye joto la nyuzi 100, oili ya gia ya daraja la 90 ina unato wa kati ya 13.5 na 18.5, wakati oili ya injini ya daraja la 40 ina kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 ina kati ya 16.3 na 21.9, vyote kwa kipimo cha sentistoku. Maana yake oili ya gia 90 inakaa pale kati ya 40 na 50. Ni nyepesi kiasi cha kupenya kwenye kiungo, ni nzito kiasi cha kutokimbia mara moja. Ndiyo maana vitabu vya maelezo vya Honda na Kawasaki kwa miaka mingi vimetaja oili ya gia ya 80 au 90 kama kilainishi kinachokubalika cha cheni. Lita moja ya oili safi ya gia inapatikana karibu kila mji wenye duka la spea, na kwa matone machache kila mara inakaa miezi mingi. Kwa cheni ya kawaida ya bodaboda, isiyo na raba ndani ya viungo, sijaona sababu ya kutafuta kitu cha mbali zaidi.

Grisi je? Grisi ni oili iliyoshikwa ndani ya sabuni. Ile ya kawaida ya magari, kwa mfano, hutumia sabuni ya lithiamu, ambayo huishika oili mahali pake na kuiachia kidogokidogo. Hiyo ni sifa nzuri kwenye beringi iliyofungwa. Kwenye cheni iliyo wazi grisi haiwezi kupenya kati ya mabamba, hivyo inabaki juu ikishika mchanga, na ndani pini inaendelea kusuguana kavu. Watengenezaji wa cheni huweka grisi ndani wakati wa kuiunga kiwandani, au huichovya cheni nzima kwenye grisi iliyoyeyushwa kwa moto. Kuipaka kwa kidole juu ya rola ni jambo jingine kabisa.

Mafuta ya kupikia yana kasoro yake. Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ikikutana na hewa na joto hujifunga yenyewe kwa yenyewe na kuwa utando wa kunata. Mchakato huohuo ndio unaofanya rangi ya mafuta ikauke ukutani. Cheni iliyopakwa alizeti huonekana laini siku ya kwanza, kisha hugeuka gundi.

Na WD-40, kopo la bluu na njano linalojulikana dunia nzima? Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 na kampuni ya Rocket Chemical, na ilitumika kuzuia kutu kwenye ngozi ya kombora la Atlas. Herufi zake zinaeleza kazi ya kuondoa maji, na namba 40 ni jaribio lililofaulu. Inafaa kufukuza maji kwenye cheni iliyotoka kuoshwa. Baada ya hapo cheni inahitaji oili yake, kwa kuwa utando unaobaki ni mwembamba mno kwa mzigo wa abiria wawili mlimani.

Vilainishi vya kupuliza vilivyotengenezwa mahsusi kwa cheni vina ujanja wa kupendeza. Ndani ya kopo oili imechanganywa na kiyeyusho chepesi kinachoibeba hadi ndani ya kiungo, kisha kinapaa na kuiacha humo. Ile ya barabara za lami na mvua huongezewa poliisobutilini, ambayo huifanya ivutike kama uzi na isirushwe na mzunguko. Poliisobutilini hiyohiyo, ya daraja la chakula, hutumika katika chingamu. Ile ya nta hubaki kavu ukiigusa, kwa hiyo vumbi halina pa kushika; waendesha pikipiki wa mashindano ya udongo huipenda kwa sababu hiyo, ingawa mvua ikinyesha huisha haraka. Nyingine zina disulfidi ya molibdeni, unga mweusi wenye tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine. Weusi wa unga huo usichanganywe na weusi wa oili chafu.

Kwa hiyo majira yana neno. Kiangazi, kwenye vumbi, nta au oili ya gia kidogo iliyofutwa vizuri. Masika, kwenye matope na madimbwi, oili inayonata ina nafasi yake, kwa kuwa maji huiosha ile nyepesi kwa safari moja. Pwani kuna chumvi: cheni inayolala nje Lamu au Bagamoyo hushika kutu hata kama haikusafiri, na inataka utando wa oili wakati wote.

Je, wajua kwamba kuna cheni ambazo oili unayoipaka haifiki kwenye pini kabisa, na ndivyo ilivyokusudiwa? Chungulia kati ya bamba la ndani na la nje. Ukiona viduara vyeusi vya raba, hiyo ni cheni iliyofungwa: grisi iliwekwa ndani kiwandani na raba zinaizuia isitoke. Pikipiki kubwa na nyingi za safari za porini huja na cheni hizi, mara nyingi za namba 520. Kwa cheni ya aina hii oili ya nje ina kazi tatu tu: kulainisha rola inapogonga meno ya spoketi, kuzuia kutu, na kuzifanya raba zisikauke. Adui yake ni petroli, ambayo huvimbisha na kupasua raba, pamoja na brashi ya waya na mashine ya kuoshea ya presha inayosukuma maji kupita raba hizo. Raba ikipasuka grisi hutoka, na hakuna namna ya kuirudisha. Watengenezaji wa cheni hushauri mafuta ya taa kwa kusafishia, kitambaa na brashi laini. Mafuta ya taa yanapatikana kila kijiji, na yanafaa vilevile kwa cheni isiyo na raba.

Mashindano ya Dakar, mbio za masafa marefu za jangwani, yalilipima suala hili la cheni na mchanga kwenye jangwa lenyewe. Mshindi wa kwanza wa pikipiki, Mfaransa Cyril Neveu, alifika Dakar mwaka 1979 akiwa na Yamaha XT500 yenye cheni. Miaka miwili baadaye Hubert Auriol alishinda na BMW ambayo haikuwa na cheni hata kidogo: nguvu ilikwenda kwenye gurudumu kwa shafti iliyofungwa ndani ya bomba lenye oili, na mchanga wa Sahara haukuwa na pa kuingilia. BMW ilishinda tena mwaka 1983, 1984 na 1985. Lakini shafti ni nzito na ina gharama, na cheni ilirudi. KTM ilishinda kila mashindano kuanzia 2001 hadi 2019, kwa pikipiki za cheni zinazohudumiwa kila jioni baada ya mbio.

Kuhudumia kwenyewe kuna mambo mawili ambayo hayapewi uzito unaostahili. La kwanza ni wakati: paka oili jioni, ukirudi, cheni ikiwa bado na joto. Joto huilegeza oili ikapenya, na usiku kucha hutulia ndani. Anayepaka asubuhi na kuondoka papo hapo anairusha nusu yake kwenye tairi. La pili ni mahali: tone liingie kwenye mwanya ulio kati ya bamba la ndani na la nje, pande zote mbili, upande wa ndani wa cheni ya chini. Cheni ikizunguka, oili husukumwa kwenda nje na hivyo kupita katikati ya kiungo. Ukimiminia katikati ya rola tu, umelainisha sehemu isiyohitaji sana. Baada ya dakika kadhaa, futa nje yote kwa kitambaa kikavu hadi kidole kisishike oili.

Pikipiki iwe imezimwa, gia iwe huru, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Kuna wanaowasha injini, kuweka gia ya kwanza na kushikilia kitambaa kwenye cheni inayokimbia ili kazi iishe upesi. Kitambaa kikinaswa, kidole huingia kati ya cheni na spoketi kabla mtu hajawahi kukivuta, na hospitali hupokea watu waliokatwa vidole kwa njia hiyo. Hakuna haraka inayostahili gharama hiyo.

Kuna pia dalili moja ya kuitazama ukishasafisha. Pini inayosuguana kavu hutoa unga wa chuma ambao huoksidika mara moja na kuwa mwekundu, rangi ileile ya moramu, na kwa hiyo hupita bila kutambuliwa. Osha cheni kwa mafuta ya taa, ifute, tembea kilomita chache kwenye lami. Wekundu ukitokeza tena kati ya mabamba ya kiungo fulani, hilo si vumbi la barabarani. Kiungo hicho kimekauka kwa ndani.

Mwisho, kipimo. Kaza cheni kidogo, chukua rula ya chuma, hesabu pini 21 na upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254, inchi 10 kamili. Ikifika 259 imeliwa asilimia 2, na hapo hakuna oili itakayoirudisha. Badilisha cheni na spoketi zote mbili pamoja, maana meno yaliyokwisha pinda kufuata cheni ya zamani yataila mpya ndani ya muda mfupi. Pima sehemu tatu tofauti za cheni: hailiki sawasawa, na kiungo kimoja kibovu ndicho kitakachokatika.